Kabla ya Kusema ni Chui, Tazama Unyayo

Kipupwe cha kwetu Pwani ni upepo wa kusi na kuvuta shuka usiku, basi. Kule Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Juni hadi Agosti ni jaketi, jiko la makaa na umande unaolowesha viatu asubuhi nzima. Wenzetu wa Ulaya husoma nyayo za wanyama kwenye theluji. Nakuru haina theluji, ila ina udongo wa majivu ya volkeno, laini kama unga, ambao ukiloa kidogo hushika alama ya mguu vizuri ajabu.

Nayaandika haya kwa sababu wako vijana wetu waliohamia huko. Wengine wako mashamba ya maua Naivasha, wengine wamepata kiploti karibu na msitu wa Eburru au pembezoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, wakaanza kufuga mbuzi. Mbuga hiyo ina ua wa umeme, lakini chui ni mpandaji na fisi hufukua chini. Basi asubuhi moja mbuzi wawili wamekufa, jirani anapiga kelele "chui!", na kufikia saa nne watu hamsini wamekwisha kulikanyaga zizi lote.

Hapo ndipo hasara ya pili inapoingia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu mfugaji kudai fidia mnyama wake akiuawa na chui, simba au fisi. Mbwa wa jirani hayumo. Ofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) akija kukagua atatazama mzoga na ardhi, na ardhi ikiwa imejaa alama za makubadhi, umebaki na maneno matupu. Fidia yenyewe huchelewa, kila mtu anajua, lakini dai lisilo na ushahidi halifiki hata kwenye huko kuchelewa. Baya zaidi ni wale wanaokasirika na kutia sumu kwenye mzoga. Chui huenda asirudi, na wanaokufa ni tai, bweha na mbwa wa kijiji.

Sasa tuutazame unyayo. Kwanza uliza: kucha zinaonekana? Jamii ya paka hutembea kucha zimefichwa. Unyayo wa chui ni wa mviringo, vidole vinne, hauna alama za kucha, upana sentimita 7 hadi 9 hivi. Nyuma ya vidole kuna sehemu pana, tuiite kisigino, na ukingo wake wa nyuma umegawanyika vibonge vitatu. Simba ni vivyo hivyo, ila mkubwa zaidi. Ukipita sentimita 11, usiendelee kupima, rudi nyumbani.

Fisi na mbwa huacha kucha. Fisi ana vidole vinne na kucha butu, na kisigino chake kimekaa upande, kama kilichofinyangwa na fundi mwenye haraka. Mguu wake wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma. Mbwa ana unyayo uliolingana pande zote mbili, na vidole viwili vya kati vimetangulia mbele. Chora msalaba wa mshazari, kama herufi X, kati ya vidole na kisigino: kwa mbwa mistari hupita katika nafasi zilizo wazi bila kugusa kidole wala kisigino.

Usihukumu kwa unyayo mmoja. Ardhi ikiwa ngumu kucha za mbwa hazionekani, na kwenye tope la utelezi hata chui hutoa kucha ili asianguke. Fuata nyayo tano, sita. Kisha rudi kwenye mzoga. Chui huuma koo na hupenda kuburuta windo hadi kichakani au juu ya mti. Fisi hula hadi mifupa, ndiyo maana kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Mbwa hurarua ovyo, mapaja na masikio, huwajeruhi wengi na kula kidogo. Kwa maoni yangu, "chui" wengi wanaosambazwa kwenye WhatsApp wana mwenyewe anayewafuga.

Kwa walio Naivasha kuna unyayo mmoja wa kuujua kuliko hiyo yote, nao si wa mla nyama. Kiboko ana vidole vinne vinene vilivyotanuka, na njia yake ina mifereji miwili yenye tuta katikati, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia hupita mbalimbali. Hutoka ziwani usiku kula majani, na asubuhi ya baridi na mawingu huweza kuchelewa kurudi majini. Tangu mwaka 2020 maji yalipopanda na kuingia hadi mtaa wa Kihoto, viboko na watu wamekuwa majirani wasiopendana. Ukiiona njia hiyo mbichi alfajiri, usisimame juu yake. Kiboko akishtuka hukimbilia maji, na wewe uko katikati.

Kwenye zizi, fanya hivi kabla majirani hawajafika. Funika nyayo mbili tatu zilizo safi kwa beseni au karai. Zipige picha jua likiwa bado chini, maana kivuli ndicho kinachoonyesha umbo, simu ikiwa juu moja kwa moja na rula kando. Huna rula, weka kalamu. Piga na mzoga, piga na mahali mnyama alipopenya. Halafu ita KWS, na beseni lisiinuliwe mpaka ofisa afike.