INJINI HII, GIABOKSI ILE: JE, ZITAOANA?

Injini ya gari la kijiji imekufa. Ya aina ile haipatikani, au bei yake haishikiki. Fundi anasema, "Tutafunga injini ya gari lingine." Je, jambo hilo linawezekana? Ndiyo, linawezekana. Lakini lina masharti yake. Tusipoyajua tutapoteza fedha, na hata maisha ya watu.

Land Rover ilivyoanza

Tusidhani kwamba kuchanganya vyuma vya magari mawili ni ujanja wa mitaani tu. Land Rover yenyewe ilianza hivyo.

Mwaka 1947 Maurice Wilks alikuwa mkuu wa ufundi katika kampuni ya Rover, Uingereza. Katika shamba lake kisiwani Anglesey alitumia Jeep ya jeshi la Marekani, iliyobaki baada ya vita. Akawaza kutengeneza gari la mkulima. Basi mafundi wakachukua fremu ya Jeep, wakafunga juu yake injini na giaboksi za gari dogo la Rover. Hilo likawa gari la kwanza la majaribio. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam, Uholanzi.

Lakini giaboksi ya gari dogo ilipeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma tu. Kwa hiyo mafundi waliongeza sanduku jingine la gia, la kugawa nguvu mbele na nyuma. Sanduku hilo lilikuwa pia na gia nzito ya kupandia milima na kutokea matopeni. Ndiyo maana injini ya nguvu za farasi 50 hivi iliweza kuvuta plau.

Gia hufanya kazi gani?

Gia ndogo yenye meno 20 ikizungusha gia kubwa yenye meno 40, ile kubwa itazunguka mara moja wakati ndogo imezunguka mara mbili. Mwendo umepungua nusu, lakini nguvu ya kuzungusha imekuwa maradufu. Huwezi kupata vyote viwili kwa pamoja.

Sasa, injini nyingi za dizeli huzunguka polepole kuliko za petroli. Tukiifunga injini ya dizeli kwenye giaboksi ya gari la petroli, gari linaweza kukosa mbio barabarani, maana injini hufika mwisho wa mizunguko yake mapema. Na kama nguvu ya injini mpya imezidi ile iliyokusudiwa, meno ya gia yatavunjika, au ekseli itakatika.

Kuziunganisha

Mara nyingi matundu ya bolti hayalingani. Hapo fundi huweka bamba nene la chuma kati ya injini na giaboksi. Kazi hii haitaki kukisia. Shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya injini. Ikienda upande hata kidogo tu, beringi zitalika na klachi haitaachia vizuri. Kwa hiyo bamba hilo huchongwa kwa mashine na kupimwa. Siyo kazi ya tindo na macho.

Uzito nao tusiusahau. Injini ya dizeli kwa kawaida ni nzito kuliko ya petroli ya ukubwa ule ule. Mbele ya gari italemewa. Springi zitalala, na breki za zamani huenda zisitoshe kulisimamisha gari kwenye mteremko.

Tumwulize fundi

Kabla kamati haijatoa hata shilingi moja, tumwulize fundi maswali haya:

1. Giaboksi na difu zitahimili nguvu ya injini mpya?
2. Bamba la kuungia litachongwa wapi, na kwa mashine gani?
3. Breki, springi na rejeta zitatosha?
4. Vipuri vya injini hii vinapatikana karibu?
5. Gharama yote, pamoja na bamba, ni kiasi gani?

Majibu yaandikwe kwenye daftari la kamati. Tukumbuke pia kwamba namba ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari. Injini ikibadilishwa, wanaoandikisha magari waarifiwe.

Fundi anayejua kazi yake hatachukia kuulizwa. Akikasirika, tutafute mwingine. Gari ni la kijiji, na watakaopanda ni watoto wetu, wagonjwa wetu na sisi wenyewe.