Kikundi chenu kikikutana kwa video, nani anaruhusiwa kuingia?

Vikundi vya watu wanaoishi na VVU, vya wanaoacha pombe, vya akina mama waliojifungua karibuni na vya wanaouguza wagonjwa wa saratani nyumbani siku hizi hukutana pia kwa simu, kupitia Zoom, Google Meet au WhatsApp. Faida yake ni kubwa. Mtu wa Ukerewe hahitaji kupanda kivuko hadi Mwanza ili akae na wenzake saa moja, na aliyehamia mkoa mwingine haachi kikundi chake. Ila kwenye kituo cha afya mlangoni kuna mtu anayekufahamu. Kwenye simu mlango ni linki, na linki husambaa.

Makala haya ni kwa ajili yako unayeendesha kikundi cha namna hiyo, au unayeshiriki na ungependa kujua kama mko salama. Nitatumia zaidi mfano wa kikundi cha WAVIU, kwa sababu huko siri ikitoka inaweza kumgharimu mtu ndoa, kazi au chumba alichopanga.

Mgeni wa kuogopwa ni yupi?

Mwaka 2020, Korona ilipowafungia watu ndani, wahuni waliingia kwenye mikutano ya Zoom katika nchi nyingi, wakaonyesha picha chafu na kutukana. Nchini Marekani walivamia hata mikutano ya Alcoholics Anonymous na kuwadhihaki watu waliokuwa wakijitahidi kuacha pombe. Mwishoni mwa Machi shirika la upelelezi la FBI lilitoa onyo, na mwanzoni mwa Aprili Zoom wakaanza kuwasha chumba cha kusubiri na nywila bila kungoja mtumiaji aviwashe mwenyewe.

Mhuni wa aina hiyo anaudhi, lakini anajitangaza mwenyewe na unamtoa. Mimi naogopa zaidi mgeni mkimya. Ni shemeji aliyeiona linki kwenye simu inayotumiwa na nyumba nzima, au jirani aliyetumiwa ujumbe kimakosa. Anaingia, anazima kamera, anasikia sauti mbili tatu anazozifahamu, anatoka. Mkutano unaisha bila yeyote kujua kwamba alikuwepo.

Nywila haimzuii mtu huyu, kwa sababu linki ya Zoom kwa kawaida imeibeba nywila ndani yake. Akibonyeza, anapita. Anayeweza kumzuia ni binadamu anayetazama kila anayebisha hodi.

Chumba cha kusubiri, na jina la kuingilia

Kwenye Zoom, unapopanga mkutano utakuta sehemu ya usalama yenye chumba cha kusubiri. Kiwashe. Anayebonyeza linki atakaa humo hadi mwenyeji wa mkutano amruhusu. Hatasikia wala kuona kinachoendelea ndani. Hakikisha pia umezima ruhusa ya washiriki kuingia kabla ya mwenyeji, la sivyo waliowahi watakaa wenyewe na yeyote aliyeipata linki. Na kila mkutano uwe na namba yake mpya. Ile namba ya kudumu ya akaunti yako usiitumie kwa kikundi, maana aliyeipata mwaka jana bado anayo.

Sasa shida iko hapa. Unayesimama mlangoni unaona jina tu. Ukidai kila mtu aandike jina lake kamili, utawajua, lakini na wenzake wote watalijua, na baadhi hawatarudi wiki ijayo. Ukiruhusu kila mtu aandike anachotaka, mlangoni utaona "Galaxy A05" tano na hutajua nani ni nani.

Njia ninayoipendekeza inachukua muda kidogo. Mpigie kila mwanakikundi simu kabla ya mkutano wa kwanza, kubalianeni jina la kuingilia ambalo si lake: Embe, Mto, Alfajiri, chochote atakachokikumbuka. Andika orodha kwenye daftari, si kwenye kundi la WhatsApp. Siku ya mkutano ruhusu majina yaliyo kwenye orodha tu. Usiyemtambua, mwache asubiri, kisha wapigie wale ambao hawajaingia uulize kama ni wao. Usimwingize kwanza ndipo umuulize mbele ya wengine, kwani kufikia hapo ameshaona waliopo.

Mkumbushe kila mtu aangalie jina ambalo Zoom inamwekea kabla hajabonyeza kuingia. Aliyejiunga kwa akaunti ya mume au ya mtoto ataonekana kwa jina na picha ya mwenye akaunti. Mwenyeji anaweza kulibadilisha jina hilo wakati wa mkutano, lakini hapo wengine wameshalisoma. Baada ya wote kuingia, zima ruhusa ya washiriki kujibadilisha majina wenyewe.

Anayeongea asiwe anayefungua mlango

Mwezeshaji anayemsikiliza mama akilia hawezi wakati huohuo kutazama nani anabisha hodi. Atabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Kwa hiyo wawe watu wawili. Kama mnatumia akaunti ya bure, mtu wa mlangoni ndiye awe mwenyeji, na mwezeshaji aingie kama mshiriki wa kawaida. Mtu wa mlangoni akae penye mtandao wa uhakika, awe na bando la kutosha na simu iliyojaa chaji.

Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40. Mkirudi kwa linki ileile, ukaguzi uanze upya kwa orodha ileile. Watu huchoka mzunguko wa pili na kuruhusu wote kwa pamoja, na hapo ndipo mgeni hupenya.

Kuna pia kufuli, linalozuia mtu yeyote mpya kuingia hata kwenye chumba cha kusubiri. Miongozo mingi hushauri ufunge wote wakishafika. Kwa mikutano ya ofisini ni sawa. Kwa vikundi vyetu silipendi, kwa sababu ambaye mtandao umemkatikia naye hawezi kurudi, na mara nyingi ni yule aliyekuwa katikati ya kueleza jambo zito. Chumba cha kusubiri kinatosha.

Google Meet na WhatsApp

Kwenye Meet, tafuta mpangilio wa nani anaweza kuingia na uhakikishe haujawekwa wazi kwa kila mwenye linki. Tatizo kubwa la Meet kwa kikundi cha siri ni jina: aliyeingia kwa akaunti ya Google anaonekana kwa jina la akaunti hiyo, na hawezi kulibadilisha mlangoni. WhatsApp inachukua hadi watu 32 kwenye simu moja ya video na kila mtu anaijua, lakini wanakikundi huona namba za simu za wenzao. Namba ikijulikana, jina hupatikana kwa urahisi, hata kwa kujaribu kutuma pesa tu. Kwa kikundi cha WAVIU nisingeitumia mpaka wote wawe wanafahamiana na wamekubali.

Mengine ya kuzima: kuonyesha skrini kwa asiye mwenyeji, ujumbe wa faragha kati ya washiriki, na kurekodi. Siku hizi kuna pia programu zinazoingia mkutanoni zenyewe kwa niaba ya mwenye akaunti na kuandika kila kinachosemwa. Huonekana kwenye orodha kama mshiriki. Hazina jina la kuingilia, kwa hiyo zibaki nje. Kumbuka taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania, na Kenya wana yao ya mwaka 2019.

Hakuna mpangilio wa kumzuia mtu aliyeketi kando ya mshiriki. Shaurini kila mmoja avae spika za masikioni na akubaliane na wenzake neno la tahadhari. "Mboga inaungua" linatosha: likisemwa, mtu wa mlangoni anazima sauti za wote na mazungumzo yanasimama mpaka mhusika aseme yuko peke yake.

Asiyehusika akiingia

Usibishane naye. Zima sauti na kamera za wote, kisha mtoe. Zoom kwa kawaida haimruhusu aliyetolewa kurudi, lakini anaweza kujaribu kwa simu nyingine, kwa hiyo funga mkutano kabisa kama huna hakika. Usitume linki mpya kundini siku hiyo.

Ndani ya saa 24 mpigie kila aliyekuwepo. Mweleze ni nini kilitokea, mgeni alikaa muda gani na nani alikuwa akizungumza wakati huo. Wengine watakuambia hawana neno. Waliokuwa wamezungumza waulize zaidi: je, nyumbani kuna mtu wanayemwogopa, na je, wanajisikia salama kulala hapo usiku huo? Ambaye hajisikii salama muunganishe siku hiyohiyo na mshauri nasaha wa kliniki yake au dawati la jinsia na watoto la polisi, na mpigie tena kesho yake. Aliyesema hatarudi kikundini, mkumbushe tarehe yake ya kuchukua dawa.