Kupiga Picha Fataki Usiku wa Mwaka Mpya

Kata ya Kilakala imeegemea miteremko ya milima ya Uluguru, na fataki zikirushwa mjini Morogoro usiku wa kuamkia Januari 1, mwinuko huo unamfaa sana mpiga picha.

Mkono hautoshi. Kamera isimame kwenye stendi ya miguu mitatu, flashi izimwe, maana mwanga wake haufiki mbali. ISO iwe 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, na shata ibaki wazi sekunde 2 hadi 6. Ndipo cheche huchora mistari mirefu badala ya vidoa. Fokasi irekebishwe kwa mkono mapema, kwa kulenga taa ya mbali, kwani gizani kamera huhangaika.

Wahini milipuko ya kwanza, kabla moshi haujatanda. Na anayetaka kurusha fataki zake aombe kwanza kibali cha polisi.