Je, Wajua? Kabla Hujamtoa Mwenzio kwenye Kompyuta

Je, wajua kwamba makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, yalianza mwaka 1958, na leo Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali huweza kupokezana kompyuta moja? Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilianza kufungua vituo vya kompyuta vya jamii mwaka 2009, Rwanda na Bangladesh zikitangulia, na baadaye Nakivale yakapata chake. Mashine chache, foleni ndefu: hapo ndipo watu huanza kutoana kwa nguvu.

Je, wajua kwamba skrini iliyofungwa kwa nywila bado ina mtu wake? Tangu Windows XP ya 2001, mtumiaji wa pili huweza kuingia bila wa kwanza kutoka. Kazi za wote wawili hubaki kwenye kumbukumbu, na mashine huanza kujikokota.

Je, wajua kwamba mfumo endeshi wa Linux una ishara namba 15, inayoiomba programu ijifunge, na namba 9, isiyoomba lolote? Ya 9 ikitumwa, programu haipati hata nafasi ya kuhifadhi. Anayekimbilia 9 kwanza anamdhulumu mtu ambaye hayupo kujitetea.

Je, wajua kwamba zamani Ctrl, Alt na Backspace kwa pamoja zilifunga ghafla kila kilichokuwa wazi kwenye skrini ya Linux? Ubuntu 9.04, toleo la Linux la Aprili 2009, iliuzima mchanganyiko huo wa vitufe kwa kuwa watu waliugusa bila kukusudia.

Je, wajua kwamba hata kutoka kwa utaratibu kumewahi kuleta ugomvi? Mei 2016, toleo la 230 la systemd, programu inayosimamia mfumo wa Linux, lilianza kuua kila kazi ambayo mtumiaji aliiacha ikiendelea baada ya kutoka. Malalamiko yakazagaa, na watengenezaji wa Debian, aina mojawapo ya Linux, wakaizima tabia hiyo.

Je, wajua kwamba LibreOffice huacha kifaili cha kufuli kando ya waraka uliofunguliwa? Ukikatwa ghafla, kufuli hubaki, na kesho yake huenda ukaambiwa waraka wako umeshikwa na mtu mwingine, naye ni wewe mwenyewe.

Na lililo zito zaidi: LibreOffice na Word kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Hiyo haimsaidii kijana anayejaza fomu ya kuomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Mbarara, kwa sababu fomu iliyo kwenye kivinjari haimo katika nakala hiyo. Nakala yenyewe hukaa kwenye mashine ileile, ndani ya akaunti ileile. Ukihamia kompyuta ya jirani haikufuati. Na kituo kinapotumia akaunti moja kwa watu wote, anayekaa baada yako ndiye anayeulizwa kama waraka urejeshwe au utupwe. Ana haraka, hajui waraka huo ni wa nani, anabonyeza utupwe.