Siri ya Jirani ni Amana: Polisi na Raia Katika Njombe

Akaaye katika nyanda za Kitulo na katika vijiji vilivyotapakaa kutoka huko hadi Njombe na Makambako aijua baridi ya huku na ukungu wake. Mtoto akitoka chuoni jioni, akienda hatua ishirini tu hupotea machoni pa mwalimu wake. Zamani ukungu huo haukututia hofu, kwa kuwa kila nyumba aliyoipita mtoto ilikuwa na mtu amjuaye. Lakini Desemba 2018 na Januari 2019 hali iligeuka.

Katika miezi hiyo watoto wa Njombe walitekwa na kuuawa, na baadhi yao walikutwa wamekatwa viungo. Mwishoni mwa Januari 2019 aliyekuwa Naibu Waziri wa Afya, marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, alitaja watoto 10 waliokutwa wameuawa. Serikali ilieleza kuwa mauaji hayo yalifungamana na ushirikina wa watu wanaodhani kwamba utajiri hupatikana kwa viungo vya binadamu. Februari ya mwaka huo watu watatu walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuwaua watoto watatu wa familia moja.

Sisi tunaosomesha watoto tulibadili saa za chuo, tukawarudisha makwao mapema, makundi kwa makundi, mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Wazazi wa Kiislamu na majirani zetu Wakristo walipokezana zamu, maana msiba ulikuwa wa wote. Lakini pamoja na hofu ulizuka uvumi, na kila mgeni akawa mshukiwa.

Siku moja mzee jirani yetu alikuja barazani akatunong'oneza kwamba mara mbili ameona gari likisimama usiku kando ya shamba. Tukamwuliza, "Mzee wetu, mbona hukwenda kuwaeleza askari?" Akajibu, "Mwalimu, mwaka ule nilipopeleka habari za wezi wa ng'ombe, kabla jua halijachwa wezi walikwisha kulijua jina langu."

Jibu hilo lilitunyamazisha. Tukafuatana naye kwa mtendaji wa kijiji, akaitwa askari mmoja aliyemsikiliza mzee faraghani, akamwahidi kuificha siri yake, na ahadi akaitimiza. Gari lile likachunguzwa, ikaonekana kuwa ni la mnunuzi wa viazi aliyekuwa akingoja mzigo wake. Laiti habari zile zingetangazwa sokoni badala ya kufikishwa panapohusika, huenda mtu yule asiye na kosa angepigwa hata kufa. Kutoka siku ile mzee haogopi tena kusema alionalo.

Basi hapa ndipo ilipo roho ya jambo liitwalo Polisi Jamii, lililoanza kuenezwa na Jeshi la Polisi mwaka 2006, zama za Inspekta Jenerali Said Mwema. Maana yake ni kwamba askari na raia washirikiane kuzuia uovu kabla haujatendeka. Askari ni wachache na vijiji ni vingi; jicho la kwanza kuuona uovu ni la jirani. Lakini jicho la jirani halina faida ikiwa ulimi wake umefungwa na hofu, na hofu hiyo haiondolewi kwa mikutano na hotuba. Huondolewa kwa kuitunza amana.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Askari anayelitoa jina la raia aliyemwamini ameivunja amana, na pamoja na amana amewafumba midomo wanakijiji wote, kwa kuwa habari hiyo itafika kila nyumba.

Vile vile raia huiogopa mikono ya askari mkali. Si mbali na Makambako, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 mbele ya askari waliokuwa kazini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Haki kama hiyo, ingawa ilichukua miaka, ndiyo iwapayo raia moyo wa kulikaribia tena lango la kituo.

Husimuliwa kwamba Khalifa Umar, alipokuwa akizunguka Madina usiku, alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akasema kwamba yeye amekosa moja, bali Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakubisha hodi kwa salamu. Khalifa akakubali. Ikiwa mtawala mkuu alikiri kuwa mlinzi naye ana mipaka, nani leo asiyekuwa na mipaka?

Lakini tusiwalaumu askari peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Usukuma na Unyamwezi, walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, waliunda sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Walipunguza wizi, lakini palipokosekana subira watu walipigwa na kuuawa kwa shuku tu. Katiba yetu, katika ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Ulinzi wa kijiji ni kumshika mtu na kumfikisha kwa wakubwa. Kumhukumu si kazi ya umati.

Enyi vijana, msiueneze uvumi kwa simu zenu. Mkiona jambo la kutia shaka, mwambieni mzazi, mwalimu, mtendaji au askari mnayemwamini. Penye hatari pigeni 112, na mtoto anayedhulumiwa ana simu yake ya bure, 116. Enyi wazazi, msiwatishe watoto kwa kusema, "Nyamaza, polisi atakuja kukukamata." Mtoto aliyelelewa kwa maneno hayo, siku atakayopotea katika ukungu atamkimbia yule yule ambaye angemrudisha nyumbani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, awatie askari wetu uadilifu, na atujaalie sote kuwa watu wa kutunza amana. Amin.