Mwanga na Makovu ya Chunusi

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akifika Majengo ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi, hajioni mgeni. Misikiti ipo, mahamri yapo, na akina mama bado wanasaga liwa juu ya msio ili binti apake usoni. Lakini kuna chunusi ambazo liwa haiziwezi.

Mpwa wangu anayekaa huko alizipata akiwa na miaka 15. Hazikuwa vile vipele vya ujana vinavyokuja na kwenda. Yalikuwa majipu ya ndani, yenye maumivu, na yalipopasuka yaliacha mashimo mashavuni. Alipoposwa, miezi mitatu kabla ya arusi, alikwenda duka moja la urembo akamulikwa uso kwa taa. Wiki haikupita, uso ukaota mabaka meusi kama palipopitishwa pasi.

Waama, tiba ya mwanga si uzushi. Daktari wa Denmark, Niels Finsen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Siku hizi mwanga wa buluu hutumika kuua vijidudu vya chunusi, ingawa haufuti kovu wala hautoshi kwa majipu makubwa. Kwa makovu iko leza, ambayo hutoboa ngozi vitundu vidogo mno vilivyoachana, na ngozi iliyosalia kati yake husaidia kupona na kuyajaza mashimo.

Kilichomponza binti ni kwamba hakuna aliyeifikiria rangi yake. Melanini, ile inayotupa weusi, hunywa mwanga. Mwanga wa mawimbi mafupi huacha joto juu juu na kuiunguza ngozi. Leza ya nanomita 1064 huipita melanini kwa urahisi zaidi na kuzama ndani, ndiyo sababu mabingwa huiona salama zaidi kwa watu weusi. Hata hivyo huijaribu kwanza mahali padogo. Mwenye makovu ya kuvimba na aseme mapema. Nawe muulize mwenye mashine: ni leza gani hii, na umewatibu weusi wangapi? Akibabaika, chukua buibui lako uende zako.

Daktari wa ngozi alimwambia mpwa wangu jambo ambalo dukani hakuambiwa: moto uzimwe kwanza, ndipo nyumba itengenezwe. Akamtajia isotretinoini, vidonge vya miezi kadhaa, dawa kali kwa chunusi za namna hii. Lakini dawa hiyo huweza kumlemaza mtoto tumboni, na mwanamke haruhusiwi kushika mimba anapoitumia wala mwezi mmoja baada ya kuiacha.

Hapo ndipo pagumu. Kwetu bibi arusi huanza kuulizwa habari za mtoto kabla hina haijafutika miguuni. Binti aliamua kusema wazi. Alimweleza mchumba, mchumba akamweleza mamake, wazee wakakaa wakazungumza hadi usiku. Arusi ikaahirishwa.

Sasa amemaliza vidonge. Majipu yamekoma, na mabaka yanafifia polepole kwa kujikinga na jua. Mashimo yapo. Leza imejaribiwa mahali padogo tu, karibu na sikio, naye anangoja kuona patakavyopona.