Vijana wa Pwani Waendao Eldoret: Leso na Shuka Hazitoshi, Chagueni Mfuko wa Kulalia

Kila mwaka vijana wetu wa Mombasa, Kilifi, Lamu na Kwale hupanda kwenda Eldoret kusoma. Wakishazoea mji, hualikwa na wenzao kwenda kupiga kambi msitu wa Kaptagat, Iten, milima ya Cherangani au Mlima Elgon. Hapo ndipo mtu wa pwani hugundua kuwa kipupwe chetu si baridi.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Kwa hivyo usiku ambao Mombasa ni nyuzi 22, Eldoret huweza kuwa 10 au chini yake. Cherangani hupita mita 3,000, na kilele cha Elgon hufika mita 4,321. Huko juu maji huganda usiku. Si bure mji huu ulikuwa na kiwanda cha mablanketi cha Raymond.

Unapochagua mfuko wa kulalia, anza na lebo. Mifuko iliyopimwa vizuri huwa na namba tatu. Ya kwanza ni joto ambalo mtu hulala kwa raha. Ya pili ni kikomo, yaani utalala umejikunja. Ya tatu ni ya kuokoa roho tu, si ya kulala. Muuzaji akikwambia mfuko unahimili nyuzi 10 chini ya sifuri, muulize ni namba ipi hiyo. Wewe fuata ya kwanza. Kwa Kaptagat na Iten, tafuta ya nyuzi 5 au pungufu. Kwa Cherangani na Elgon, tafuta ya sifuri kushuka chini.

Pili, tazama kilichojazwa ndani. Manyoya laini ya bata ni mepesi na yana joto sana, lakini yakirowa hayafai kitu. Nyuzi za viwandani ni nzito kidogo, ila hata zikipata unyevu hubakisha joto, na bei yake ni nafuu. Kwa nchi ya mvua kama ile, anayeanza achukue za viwandani.

Tatu, umbo. Mfuko mwembamba miguuni wenye kofia hutunza joto kuliko ule mpana wa mraba. Lakini usikubane. Uingie ujaribu palepale dukani.

Ukinunua mitumba, fungua zipu mara kadhaa, kisha uinue mfuko kwenye mwanga. Ukiona mapengo na mabonge, ujazo umekufa. Uache.

Usisahau mkeka wa sponji. Ukilala, uzito wako hukandamiza ujazo wa chini, na ardhi hukunyonya joto lote. Mfuko ghali bila mkeka ni pesa zilizotupwa. Lala na nguo kavu, soksi na kofia, wala si zile ulizotokea jasho mchana. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ukiiweka miguuni, husaidia sana.

La mwisho ndilo kubwa. Baridi ikizidi, kuna wanaoingiza jiko la makaa ndani ya hema. Wazazi, waambieni watoto wenu wasithubutu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia kwa ule ujoto mtamu, na asiamke tena. Jiko la gesi nalo ni vivyo hivyo. Heri kuvaa masweta matatu na kukesha ukitetemeka.

Kwa hivyo kijana akiomba pesa za mfuko wa kulalia, msimwone anadeka. Hajaacha upwani wake. Anataka kurudi salama.